Kompyuta ya Mezani, Meza Hakuna

Tangu gari limvunje nyonga, binti wa mama mpiga pasi alikuwa hataki kitu. Chakula hataki, jua hataki, nywele zake hataki ziguswe. Kilichomfanya ainue kichwa ni kimoja tu: kucheza michezo ya kompyuta na wenzake mtandaoni. Timu ilimshikia nafasi mpaka Jumamosi. Asipoingia, anaingia mwingine. Mama mtu akahangaika, kompyuta ikakusanywa kipande kipande, hiki cha mtumba, kile cha kuomba. Ikabaki ramu, kumbukumbu ambayo bila hiyo mashine ni sanduku la bati tu.

"Ramu, mama, si memori ya simu. Iwe ya aina ya DDR4. Vipande viwili vya GB nane, vinakimbia kuliko kimoja kikubwa," binti alimwelekeza.

Mama alipanda ngazi za duka akiyarudia maneno hayo midomo ikimcheza.

"Ya mezani au ya mpakato?" muuzaji akauliza.

Hilo hakuambiwa. Akapiga simu, ikaita weee, binti kalala. Nyuma yake watu wakaanza kuguna.

"Sema basi, mama, foleni hiyo!"

Akaiwaza nyumba yake. Meza ilishauzwa siku za hospitali.

"Meza hatuna, mwanangu. Ataiweka kitandani."

"Basi ya mpakato." Akamfungia viwili. "Ila ikitoka hapa hairudi."

Nyumbani binti alifungua pakiti, akakilinganisha kipande na mfereji wake wa kuchomekea ndani ya mashine. Kilikuwa kifupi, nusu ya mfereji ikabaki wazi.

"Hivi ni vya laptopu, mama."

"Aliniuliza habari za meza..."

Binti akacheka mara moja, kicheko kikavu, kisha akageukia ukuta. Heri angemtukana. Mama alivaa tena viatu ambavyo hata havijapoa.

"Si nilikuuliza?" muuzaji alisema alipomwona.

"Uliniuliza meza, nikakujibu meza."

Duka zima likaangua kicheko. "Mpe na viti vyake!" mteja mmoja akadakia.

Mama hakucheka. Alishika kioo cha kaunta kwa mikono miwili.

"Kaka yangu, mtoto wangu yuko kitandani. Tangu ajali hajaniomba kitu kingine. Nikirudi mikono mitupu, sijui nitamkuta vipi. Kweli tena, sijui."

Kicheko kikakatika. Muuzaji akajikuna kisogo. Pakiti imeshafunguliwa, akasema. Atavichukua kama vya mtumba, na thamani yake inatosha ramu moja tu ya mezani, ya GB nane.

Safari hii binti alipokea simu.

"Wananipa kimoja, mwanangu. Kitatosha?"



"Mchezo utakuwa unakwamakwama."

"Lakini utaingia?"

"Nitaingia. Nikiwachelewesha watanitoa."

"Wakutoe ukiwa umeshaingia!" Sauti ilimpanda, watu wakageuka. Akaishusha. "Mama yako hana kingine. Nichukue, nisichukue?"

Alisikia shuka ikikwaruza, kama mtu anayejigeuza kwa taabu.

"Chukua."

Akamwomba binti asikate simu. Akashuka ngazi ameibana sikioni, ramu kaishika kifuani, akisikiliza pumzi za upande wa pili.