Aliyenishikia Gurudumu Njia ya Siyu

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mikono yangu ikiwa imejaa grisi, na mwenye kutaka kucheka na acheke sasa amalize.

Mimi ni mwalimu, mtu wa Kitui, nafundisha Faza. Nina baiskeli ya umeme, ile iliyoundwa kwa ajili ya milima, na watu wa hapa hawachoki kunitania: mwalimu, mlima wenyewe uko wapi? Wacha waseme. Tairi zake pana hupita mchangani bila kuzama, na mota hunipunguzia jasho. Fundi wake ni mimi. Mafundi wa pikipiki wapo tele, lakini hii sikubali mtu aiguse. Kila jioni naipangusa chumvi, naupaka mnyororo mafuta, nakaza nati zote. Chumvi ya huku hula chuma kama mchwa anavyokula mlango.

Siku hiyo binti yangu, ambaye hata miaka mitatu hakuwa amefikisha, alibanwa na pumu, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imeisha. Mwalimu mwenzangu wa Siyu, ambaye mwanawe ana ugonjwa huohuo, alikuwa na ya akiba. Nikaiendea. Wakati wa kurudi, nusu ya njia sijafika, baiskeli ikawa nzito. Mota inalia, chaji inashuka huku naiona, na mimi nakanyaga kama ninayekokota gunia. Nikajua breki ya nyuma imeng'ang'ania. Mchanga umeingia na pedi hazirudi. Nikiendelea hivyo, betri ingeisha mbali na nyumbani, na mtoto anavuta pumzi kwa tabu. Wewe ungefanyaje?

Nikashuka. Jua lilikuwa limeshazama na adhana ya Maghribi inasikika kwa mbali. Nikatoa betri kwanza, maana anayependa vidole vyake hasahau hilo, nikaipindua baiskeli, nikatemea mate ile diski ya breki. Mate yakachemka. Nikachomoa gurudumu kwa tahadhari, nimelishika kwa tairi.

"Salamu aleikum, mwalimu. Wafanyani hapa ndiani saa hizi?"

Alikuwa mwanamume wa makamo, kanzu safi, viatu kavishika mkononi. Sikumsikia akija, lakini mchangani nani husikika? Nikamwitikia, nikamweleza shida yangu.

"Hebu nikushikiye," akasema. Akalipokea gurudumu, akalishika kwa diski, kwa kiganja kizima.

"Bwana, utaungua!"

"Haina moto," akasema, akatabasamu.

Nikajiambia labda imepoa. Haraka, jamani! Nikaanza kuzisukuma pedi kwa bisibisi na kupangusa mchanga, huku yeye akiniuliza habari za mgonjwa kwa upole hata machozi yakanilenga.

"Ina lake nani, nimuombee dua?"

Jina tu. Nani angemnyima mtu anayetaka kumwombea mwanawe? Nikamtajia. Akalirudia polepole, mara mbili, kisha akanirudishia gurudumu.

"Na mamake, ina lake nani?"

Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Hapo kidole changu kikagusa diski. Niamini, ilikuwa baridi kama maji ya kisima, na umande juu yake. Breki hizi nimezifungua mara nyingi, nazijua. Chuma kilichochemsha mate hakipoi hivyo kwa muda wa kusafisha pedi mbili. Nilishikwa na hofu hadi masikio yakaziba.

"Mamake hajambo," nikajibu.

"Hali yake sikuuliza," akasema. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

Sijui nililifunga vipi lile gurudumu. Nati inanitoka, naitafuta mchangani kwa kupapasa, na yeye kanisimamia kichwani. Nikarudisha betri, nikapanda bila kuaga. Nyuma yangu nikamsikia akilitaja jina la mwanangu, tena na tena, kama mtu anayejifunza wimbo. Sikugeuka.

Mtoto alipewa dawa, akapumua, akalala. Nilimweleza mwenye nyumba wetu, Bi Khadija, naye akaniuliza jambo moja.

"La mamake ulimpa?"

"Sikumpa."

"Alhamdulillahi. Muombezi hutosheka na la mwana. Atakaye na la mamake ana lake jambo. Mbadilisheni mwana jina kesho, na lile la kwanza lisitamkwe nyumba hii."

Mke wangu alilia sana, kwa kuwa lilikuwa jina la mama yake mzazi. Mimi nami ni Mkristo niliyebatizwa, mambo hayo nilikuwa nikiyacheka. Tulilibadilisha. Mtoto alikuwa mdogo, akalisahau upesi.

Aliyepewa hajalisahau. Kila Maghribi sauti huliita jina lile nje, upande wa njia ya Siyu, kwa upole uleule. Tunafunga madirisha na kuongeza sauti ya redio.

Kwa hiyo nakuonya, ndugu yangu. Ukiharibikiwa njiani jua likitua, mgeni mpe spana, mpe maji, mpe hata nafasi ya kukushikia kazi. Jina la mwanao usimpe. Mimi hata hili jipya silitaji hapa.

Juzi binti yangu aliacha kula, akatega sikio.

"Baba," akasema, "huyo mtoto anayeitwa kila siku, mbona haitiki? Namhurumia anayemwita. Niende nikamwitikie mimi?"