Nyuzi Zilikuwa Chini

Leo skrubu mbili za gita zimenifunga mdomo, mimi mzee mzima.

Miaka ya chama kimoja, mimi na Kiprotich wa Chepsaita tulipiga gita moja la umeme kwenye ukumbi wa densi hapa Eldoret. Tulipokezana.

Yeye alitaka nyuzi ziwe juu. Mimi nilizitaka chini, karibu ziguse shingo ya gita, zisiniumize vidole. Kila zamu ilianza kwa kuzungusha skrubu za briji, kile chuma kinachobeba nyuzi. Na kwa ugomvi.

Kisha zikaja ghasia za ukabila, mimi na watu wetu tukafukuzwa kwetu Ainabkoi. Gita likabaki kwake. Sikurudi tena, mpaka leo, aliponiita nibadilishe briji iliyoliwa na kutu.

Nilipoinama na bisibisi, nikaona nyuzi ziko chini.

"We Kiprotich, unapigaje hivi? Si ulikuwa unanicheka ati vidole vyangu ni laini?"

"Bado ni laini. Mimi sijalipiga, Mwangi. Ulienda ikiwa zamu yako."

Nikajifanya natafuta skrubu iliyoanguka. (Hakuna iliyokuwa imeanguka.)

Nikafunga briji mpya, nikalinganisha sauti uzi kwa uzi. Halafu nikazipandisha nyuzi juu, anavyopenda yeye, nikampa gita.

Hakulipiga. Alichukua bisibisi, akazishusha polepole.

"Piga kwanza. Zamu yako haijaisha."

Nimepiga, marafiki. Vibaya, lakini nimepiga.

Mnaoukumbuka ukumbi ule, ninyi mngeanza na wimbo gani?