Faiba Isiyokatwa

Haya hamtayaamini, na shauri yenu. Mjomba mtu hadanganyi. Huongeza chumvi tu pale mchuzi unapodai.

Binti wa dada yangu ni fundi saa. Si saa za mkononi, bali zile zilizomo ndani ya kompyuta zinazolinda laini kuu ya umeme, moja kila mwisho wa laini. Laini ikipata hitilafu, mshtuko hukimbilia pande zote mbili. Saa zikilingana, tofauti ya kufika kwake inakuonyesha nguzo yenye kasoro. Zikipishana hata chembe ya sekunde, watu wanapanda nguzo isiyo na kasoro, bure.

Wiki hiyo walipanda bure mara tatu, kila mara wakikosea kwa umbali uleule, nguzo saba.

"Hii ni saa au ramli?" mkuu wa kituo alimfokea mbele ya wapanda nguzo. "Ikikosea tena, acha funguo mezani uende kwenu."

"Akamsaidie mama yake kupika," mmoja akachomekea.

"Wewe nawa grisi kwanza, ndipo utaje chakula."

Binti alijibu hivyo, akarudi kwenye saa zake. Kazi hiyo aliipigania miaka sita.

Akawaza. Saa ya mbali huiuliza saa kuu kupitia faiba, ule uzi wa kioo unaopitisha mwanga: saa ngapi? Jibu likija, huchukulia kwamba muda wa kwenda na wa kurudi ni sawa, ikaugawa nusu kwa nusu. Je, kama si sawa? Akazifuata faiba mbili, ya kwenda na ya kurudi, kwa kidole, chumba kwa chumba, mpaka kwenye kabati la mkuu.

"Fungua, bosi."

"Humo hamna saa."

"Basi unaogopa nini?"

Ndani mlikuwa na roli zima la faiba, kilomita moja, limeungwa kwenye njia ya kwenda peke yake. Mkuu aliliunga mwenyewe mwezi uliopita faiba ilipokatika. Alihitaji mita mbili, akaona uchungu kukata roli jipya.

"Kilomita ya upande mmoja inaichelewesha saa, bosi. Nguzo zako saba hizo hapo."

Binti akalitoa roli, akaunga kipande kifupi. Ijumaa asubuhi laini ikazimika, wakaenda nguzo aliyowatajia: tawi lililoangukia waya lilikuwa bado linafuka moshi. Funguo zikabaki mfukoni mwake. Mkuu akapiga magoti, akalia ndoo tatu, wapanda nguzo mia mbili wakambeba binti begani…

"Mjomba!" binti mwenyewe akanikatiza. "Wako wanne. Na mkuu hajajibu salamu yangu mpaka leo. Futa."

"Haya, wanne, mama, lakini kila mmoja alikuwa na mabega mapana kama mlango wa ghala."