Mshono wa Pande Mbili

Shangazi yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, mimi ni fundi cherehani, na kati yetu pana ukuta mmoja tu. Sote tunakula kwa mishono. Tofauti ni kwamba wangu ukienda upande naufumua, nashona upya. Wake haufumuki, na kwa hilo hunitambia kila tukigombana.

Kazi alifundishwa na mumewe. Watu walimwita Shoto kwa sababu alitumia mkono wa kushoto. Chuma kirefu walikiunga pamoja: Shangazi akianzia ncha ya kushoto, Shoto ncha ya kulia, wakisogeleana mpaka mabega yakagusana na mshono ukafungika katikati. Wateja walikuwa wakisubiri hapo ili wapate la kutania.

Miaka kumi na moja iliyopita Shoto aliondoka kwenda kujenga matangi ya mafuta, kazi ya miezi sita. Alipiga simu, akapunguza kupiga, kisha kimya. Waliosema amekufa walikuwepo. Shangazi hakukubali kukaa matanga na akakataa posa mbili za watu wazima wenye akili zao. Majirani wakamwambia subira huvuta heri. Mimi nikasema hii yake inavuta kutu, na kwa wiki nzima hakunisemesha.

Lakini nilichokuwa nikikiona kila siku kiliniuma. Kila mshono mrefu, akifika katikati alikata moto, akafunua ngao ya uso, akazunguka hadi ncha ya kulia na kuanza kurudi, kwa tabu, kwa mkono usiozoea kwenda huko. Ile ilikuwa nusu ya Shoto. Ilitoka vibaya kila mara, akaisaga kwa grinda mpaka ikakaa sawa. Alikuwa akimtamani mumewe hata kwenye mageti ya watu.

Ndipo meneja wa uwanja wa gofu alipoleta kigari cha kubebea wachezaji juu ya pikapu. Asidi ya betri ilikuwa imevuja chini ya kiti na kuila fremu. Ukibonyeza kwa bisibisi, ilizama kama kwenye mkate uliolowa. Shangazi alimwambia wazi kwamba boma la upande ule, chuma kirefu kinachobeba fremu, halifai kutiwa kiraka kingine, litakatwa na kuwekwa jipya. Meneja akaridhika, akaenda zake. Shangazi akachukua brashi ya waya atafute chuma kizima kinaanzia wapi.

Nilimsikia akigonga ukuta. Nilipofika alikuwa amelala chali chini ya kigari, anacheka peke yake. Aliniita niingie nione, nami nikaingia na gauni langu safi. Kwenye kiraka cha zamani palikuwa na mshono uliotoka kulia, magamba ya chuma kilichoganda yamelala kuelekea kushoto.

"Ni yeye," alisema. "Huu mkono nitaujua hata kaburini."

Alimpigia simu meneja. Kigari kilinunuliwa mwaka jana kwenye hoteli moja ya mbali, na kiraka kilitiwa huko huko, wiki chache kabla. Basi Shoto yu hai. Shangazi alisema Jumamosi anakwenda huko, hata kama atakuta ameota mvi hadi masikioni. Na mimi, niliyemzika yule mwanamume moyoni zamani, nilijikuta nikiwaza kitambaa gani nimshonee Shangazi avae siku hiyo.

Kazi ni kazi, akarudi chini na brashi, nami nikachungulia. Akasugua kuelekea kushoto. Kisha sauti ya waya ikanyamaza.

Nusu ya pili ya mshono ilitoka kushoto, mkono wa kulia, mwepesi. Nusu hizo mbili zilikutana katikati bila pengo wala kinundu.

Nilisema labda ni mwanafunzi wake tu. Nilitaka iwe hivyo.

"Mwanafunzi humfundishi hivi, mwanangu," alisema. "Katikati hukutani na mtu usiyemzoea. Mimi na yeye ilituchukua miaka mitatu."

Hakutoka chini ya kigari. Nilimshika mguu, kwa kuwa ndio uliokuwa nje, na nilimchukia Shoto kuliko nilivyowahi kumchukia. Shangazi hakulia kwa sauti. Alisema tu kwamba hata zile posa mbili hajutii kuzikataa, anachojutia ni kwamba bado anamtaka.

Kesho yake alikata lile boma pamoja na kiraka, akavitupa kwenye rundo la vyuma chakavu. Akapima chuma kipya, akakikaza kwa jiriwa, akashusha ngao. Nilisimama mlangoni na sindano mdomoni. Alianzia kushoto, kama kawaida yake. Alipofika katikati mkono ulisita, chuma kikarundikana kidogo, nikajua sasa atasimama, atazunguka. Hakusimama. Aliendelea kwa mkono wake mwenyewe mpaka ncha ya kulia, mahali ambapo nusu yake haikuwahi kufika.

Meneja alipokuja kukichukua kigari alikagua kila kitu, akapitisha kidole kwenye mshono. Katikati pakamkwaruza. Akauliza mbona kinundu hiki hakikusagwa, fundi hodari kama yeye.

"Kiache, kinashika," Shangazi alisema. "Hapo ndipo nilipompita."