Mapengo ya Mwende

Mpaka leo nikinusa unga wa mbao ya saiprasi, hugeuza njia. Likizo ile ya Agosti ukumbi wa kanisa letu pale Kitengela ulijaa harufu hiyo, kwa sababu dada yangu Mwende aliomba mabaki ya mbao kwa kila fundi seremala wa mji, akayakata vipande vya domino, nasi watoto tukavipiga msasa hadi vidole vikachubuka. Alitaka kuvunja rekodi ya nchi: vipande vijae sakafu nzima, kimoja kisukumwe, vingine viangushane mpaka cha mwisho. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na alama ambazo nyumbani hazikutajwa, na watu walishaacha kumuuliza atafanya nini. Rekodi ndiyo ingekuwa jibu lake.

Tulipanga kwa magoti, miguu mitupu. Upepo tuliuzuia kwa magunia mlangoni, na malori ya simiti yakipita barabara ya Namanga, sote tuliganda. Ndiyo maana Mwende aliacha mapengo kila mahali, ili kipande kikianguka kwa bahati mbaya, hasara ikomee hapo. Yangezibwa dakika za mwisho, kamera ikiwa tayari, kwa kuwa rekodi haikubaliwi bila picha ya mkono ukisukuma kipande cha kwanza.

Siku yenyewe mgeni rasmi, mheshimiwa fulani kutoka Kajiado, alichelewa kama kawaida yao. Hatimaye msaidizi wake akapiga simu: "Tushafika Kisaju, mjipange." Kwetu kila mtu anajua Kisaju ni karibu, na kila mtu anajua kwamba anayesema yuko Kisaju bado anavaa soksi.

"Ziba, Mwende," akasema Mama Njoki, mwenyekiti wa kamati. "Ama unataka mheshimiwa akuje akungojee?"

"Mama, wacha nione gari kwanza."

"Msichana, usituaibishe."

Akaziba. Tukangoja weee, mpaka mpiga picha akazima kamera kuokoa betri. Kisha honi ikalia nje, na ukumbi mzima, watu wenye adabu zao, ukasimama kwa pamoja kumpokea mgeni. Benchi moja likapinduka. Mlio ukaanza kona ya nyuma, ukakimbia sakafuni kama mvua juu ya mabati. Watu wakadhani ndiyo maonyesho yenyewe. Wakapiga makofi, wakapiga vigelegele, na Mwende amesimama katikati yao, mikono kichwani. Honi ilikuwa ya lori la maji.

Ukumbi ule sasa ni ghala la vigae. Mwende anashona kiwandani, na sijamwona tena akitamani kitu kwa sauti. Inaniuma, na sijui dawa yake. Juzi alitutembelea, akamkuta binti yangu amepanga domino za plastiki mezani. Akazitazama kwa muda, akatoa moja ya katikati.

"Hapo acha pengo," akamwambia.

Mtoto akamngoja airudishe. Mwende akaifumba kiganjani, akatoka nayo.