Sahani ya Jirani wa Masira

Dada yangu ndiye aliyeleta habari ya Ugiriki. Anafanya kazi Nizwa, kwenye duka la dawa, na kila mwisho wa wiki huja kwetu Samad. Siku hiyo alikaa ubavuni mwa mama akamwonyesha kwenye simu kisiwa chenye nyumba nyeupe zilizopandana mlimani, milango ya buluu, na paka wamelala kwenye ngazi. Alisema wapo watu wanakwenda kwa bei ndogo, siku chache tu, wanalala chumba kimoja na kujipikia.

Mama aliitazama ile simu kama alivyokuwa akitazama kila kitu tangu atoke eda, kwa adabu.

"Pazuri," alisema. "Adhana wanaisikia?"

"Mama, hiyo Ugiriki."

"Ndiyo maana nauliza."

Kaka yangu, ambaye yuko ofisi ya serikali Izki na ndiye mwenye gari, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Viza peke yake itatumaliza kabla hatujaiona hiyo milango. Kwani Masira si kisiwa? Tunapanda feri na gari letu, tunapanga nyumba kwa mvuvi, chakula tunabeba. Milango nitawapakia rangi ya buluu mimi."

Dada alinuna kidogo, lakini ikawa Masira.

Safari haikuwa ya starehe tu, na sisi watatu tulilijua hilo bila kuambizana. Baba alifariki kabla ya joto kuanza. Mama akakaa eda yake ndani, ikaisha, akaoga, akabadili nguo, majirani wakaja wakanywa kahawa wakaondoka. Tulidhani atarudi kwetu. Aliamka, alisali, alipika, alifagia ua. Lakini hakurudi. Ukimwuliza neno anakujibu, na jibu likiisha na yeye ameisha.

Tulimwona zaidi jikoni. Zamani mama alikuwa haepui chungu bila kumwaga mchuzi kidogo kwenye kiganja akaramba, kisha akagombana na chungu kama mtu. Sasa alipika bila kuonja. Siku moja chumvi hamna kabisa, siku nyingine imewekwa mara mbili. Nasi tulikula, tukasema tamu. Baba asingesema tamu hata siku moja. Yeye angevuta sahani, akaonja, akauliza, "Leo umepika au umeuosha wali?" Mama naye angemjibu, "Wa kupika unamjua, nenda kwake." Wangeendelea hivyo mpaka kahawa, na sisi tukila katikati yao bila wasiwasi wowote. Baada yake hapakuwa na wa kusema vile. Tukabaki kusifu, na kila tulipozidi kusifu, mama alizidi kunyamaza.

Dada aliamini kwamba akiona bahari atachangamka. Mama amekulia Tabora, mbali na bahari yoyote, kabla ya kuja huku nchi ya Kiarabu, na sijui dada alipata wapi wazo hilo. Lakini hakuna aliyekuwa na wazo jingine.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Nyuma ya gari palijaa mchele, unga, tui la kopo, vitunguu, jiko dogo la gesi na katoni za maji, kwa sababu dada alishatoa amri kwamba kisiwani hatununui kitu ila samaki. Tulipita Sinaw, kaka akataka kushuka kutazama mbuzi sokoni, dada akakataa. Baada ya hapo ni jangwa tu, bapa, mpaka Shanna, kwenye gati la feri. Kwenye feri magari yalipangwa yakakaribiana hata milango haikufunguka vizuri. Tulimpandisha mama juu. Upepo ukamvuta baibui, akalishika kwa mikono miwili, akatazama maji kwa muda.

"Maji mengi," alisema.

Dada alimgeukia kwa furaha, akingoja mengine. Hayakuja.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya saruji, ya mvuvi mmoja, ina vyumba viwili na ua wenye mchanga. Juu ya dari palikuwa na tangi la maji la buluu. "Haya, Ugiriki hiyo," kaka alisema, akalipigia saluti.

Mama yake huyo mvuvi alikaa nyumba ya pili. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye magoti mabovu, na siku nzima hukaa kizingitini kwake akizungumza na kila apitaye kwa sauti ya kuvuka mtaa. Hatujamaliza kushusha mizigo, ameshaniita. Mimi ndiye mdogo, na mdogo ndiye wa kutumwa, hata akiwa ni mtu wa kuona haya kama mimi, ambaye Kiarabu chake kinakwama mbele ya mgeni. Akanipa sahani kubwa ya wali na samaki wa kuchoma, imefunikwa kitambaa.

"Chukua, binti. Mama yako yuko wapi, mbona haji kunisalimu?"

"Amechoka na safari, khaleti," nilisema, kama tunavyowaita huku wanawake wa umri wa mama.

Tukala tukashiba. Sahani ikaoshwa, na hapo ndipo hesabu ya dada ilipoanza kuharibika, kwa maana kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Ni aibu. Mama hakuambiwa na mtu. Kesho yake alichemsha wali wa nazi, akatengeneza mchuzi wa samaki, akapakua vizuri, sehemu ya jirani kwanza. Hakuonja. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na nikaona kwamba hakuonja, wala sikusema. Niliibeba sahani mikono miwili mpaka kwa jirani. Na sisi tulikula. Dada alisema tamu. Kaka alisema tamu sana.

Alasiri yule jirani akaniita tena. Safari hii sahani ilikuwa na vipande vya papa mkavu, na pembeni yake palikuwa na lundo dogo la chumvi ya mawe, jeupe, limekaa peke yake kama mgeni.

"Mwambie mama yako mkono wake mzuri, nazi yake nzuri," alisema. "Lakini kwenu Samad hamna chumvi? Mpelekee hii. Yetu ya hapa hapa."

Alicheka. Hakuwa na ubaya wowote. Hakujua lolote kuhusu sisi, na mimi sikuwa nimemwambia.

Nilirudi polepole kadiri nilivyoweza. Mlangoni nikakutana na dada, akaiona chumvi, nikamweleza kwa kunong'ona.

"Mwaga," alisema. "Mwaga hapo hapo mchangani. Mama asiione."

"Kwa nini amwage?" kaka naye akatokea. "Sema ni zawadi."

"Zawadi ya chumvi? Wewe una akili kweli?"

"Nini hiyo?" mama aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma yetu.

Nikamwonyesha sahani. Dada alinikodolea macho nifunge mdomo. Lakini mimi nikiulizwa jambo na mama, maneno huwa yananitoka kama yalivyo, kwa sababu sina wepesi wa kupata mengine. Nikamwambia alivyosema jirani, kuanzia mkono mzuri mpaka Samad.

Mama akaisogelea sahani. Akachukua chembe moja ya ile chumvi, akaitazama.

"Wali wa mchana haukuwa na chumvi?"

Kaka na dada wakatazamana.

"Nauliza watu au nauliza ukuta?"

"Haukuwa nayo, mama," nilisema.

"Na mchuzi?"

"Kwenye mchuzi ilikuwemo, kidogo," kaka alisema.

"Na nyumbani? Siku zote hizo?" Akatutazama mmoja mmoja. "Mimi nasikia tamu, tamu, tamu. Kumbe mnanisifu kama mgonjwa wa hospitali!"

"Mama, sisi tulikuwa..."

"Baba yenu asingenyamaza," alisema, na sauti ikapanda. Sijui mara ya mwisho ilipanda lini. "Angenirudishia sahani! Angesema mbele ya wageni! Nyinyi mmeniacha nampelekea mtu baki chakula cha namna ile, sasa anasema watu wa Samad hawana chumvi. Mwanamke hata hanijui!"

Dada alianza kulia. Mama hakumtazama. Alikunja mikono ya kanzu yake akaingia jikoni na ule papa, na tukasikia masufuria.

Jioni ile alipika mchuzi wa papa wa nazi. Alimwaga kwenye kiganja, akaramba, akasonya. Akaongeza ndimu. Akaramba tena. Kisha akatuita, tukapanga mstari mlangoni kama watoto wa chuo cha Kurani, akatutilia kila mmoja kiganjani.

"Semeni kweli. Atakayesema tamu leo hali."

Kaka alionja, akafumba macho, akafikiri kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Pilipili imezidi kidogo, na papa bado mgumu."

Mama akampiga mwiko wa bega. "Meno yako ndiyo mabovu!" Na akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, lakini dada alinishika mkono mpaka ukauma.

Nikaipeleka sahani. Jirani alionja pale pale kizingitini, kwa kidole, nikiwa nimesimama.

"Aa," alisema. "Sasa huyu ndiye mama yako."

Baada ya hapo sisi hatukuwa tena watu wa matembezi. Pwani tulikwenda mara moja tu, tukaona nyayo za kasa mchangani na ndege weupe, tukarudi mbio kwa sababu mama alikuwa ameacha unga unaumuka. Jirani akaleta kamba wakubwa, mama akampelekea vitumbua. Jirani akaleta bakuli la halua ya moto, mama akaitazama akasema, "Anadhani ameshinda," akamtuma kaka dukani Hilf, mjini pale kisiwani, kununua iliki, sukari na tui jingine. Unga tuliobeba uliisha. Vitunguu viliisha. Dada alishika kichwa.

"Tulikuja kupumzika au kufungua mkahawa?" kaka aliuliza, akishusha mifuko.

"Wewe nunua, usiulize," mama alisema. "Na iliki hii ya zamani. Kairudishe."

Kila nilipopeleka sahani, jirani aliniuliza lile lile, kwa nini mama haji. Na kila niliporudi nilimfikishia mama, naye hugeuka akashika jambo jingine. Tangu baba afariki alikuwa hajaingia nyumba ya mtu. Watu walikuja kwake, na hata hao aliwapokea kimya. Jirani alituona tu kama watu wa mapumziko. Mama naye alikuwa hajamwambia mtu yeyote, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba ni mjane.

Siku ya kuondoka tulipakia gari asubuhi. Jiko lilikuwa tupu kabisa, hata chembe ya mchele. Kaka aliwasha gari, kwa kuwa foleni ya feri hujaa mapema. Ndipo mama akaiona sahani ya jirani kwenye meza ya ua, safi, haina kitu.

"Nipe niirudishe," dada alisema. "Ataelewa, tunasafiri."

"Haiendi tupu."

"Mama, hatuna kitu! Tumpe nini, katoni ya maji?"

Mama alisimama na ile sahani mkononi. Nilinyoosha mkono kuichukua, kama nilivyozoea. Hakunipa. Alijitengeneza mtandio, akavuka ule mchanga mwenyewe, hatua zake fupi, sahani tupu ameishika kifuani, akasimama kizingitini kwa jirani. Tukamsikia akitoa salamu. Tukasikia ile sauti kubwa ikipiga kelele za furaha, ikimkaribisha, ikimwapia kwamba haondoki bila kahawa. Akavua viatu akaingia.

Tulikaa ndani ya gari tukingoja. Dirisha la jirani lilikuwa wazi. Mwanzo zilikuwa sauti mbili, zikipandana, na kicheko. Kisha ya jirani ikashuka, ikabaki ya mama peke yake, kwa Kiarabu chake cha pole pole chenye Kiswahili ndani yake. Sikusikia yote. Nilisikia "mume wangu", nilisikia "marehemu". Halafu akalia, kilio cha wazi ambacho hatukukisikia hata siku ya mazishi, na jirani akawa anasema neno moja tu, tena na tena, kama mtu anayembembeleza mtoto.

Dada alitaka kushuka. Kaka akamzuia.

"Feri itatuacha," nilisema.

Kaka alitazama ule mlango, kisha akazima gari.

"Ipo ya jioni," alisema.