Saa Elfu Moja za Veijo

Mimi nimeendesha gari la kukwangua theluji hapa mjini Oulu miaka thelathini na moja, wala sijagonga sanduku la barua la mtu. Lile la jirani zangu kina Pelkonen lilinijia lenyewe. Shule niliiacha nusu, kwa hiyo mkinisikia nasimulia mambo ya kompyuta, jueni nilikaa jikoni kwa shemeji yangu Veijo nikinywa kahawa yake mpaka nikaelimika.

Veijo alimwoa dada yangu Hilkka. Kazi yake ilikuwa kupima simu kiwandani, kabla kiwanda hakijafungwa. Ukimsalimu Jumatatu, anakuitikia Jumatano. Hilkka alipopata ugonjwa wa kutetemeka, supu ikawa inamwagika kabla haijafika mdomoni, ikabidi mumewe amlishe. Hilkka akaomba jambo moja tu: sikukuu ya katikati ya kiangazi, mwishoni mwa mwezi wa sita, mbele ya dada zetu wote, ale supu ya samaki kwa mkono wake mwenyewe.

Veijo akaunda kijiko. Ndani ya mpini alitia ubao wa saketi, ndio ubongo wa kijiko, mdogo kama kidole gumba, na vimota viwili vya kuvuta kinyume kila mkono unapotetemeka. Mwezi wa tatu akauunganisha ubao kwa waya na kompyuta yake, inayoendeshwa na mfumo mkubwa uitwao Linux, ili autilie ubao mfumo wake mdogo.

"Mbona usiitie hiyo Linux yenyewe kijikoni?" nikauliza, nikijitia mjuzi.

"Haienei. Halafu ina shughuli nyingi, unaweza kuiita ikakujibu ikishamaliza nyingine. Mkono hausubiri. Mfumo huu mdogo ukiuambia sasa, ni sasa."

"Kumbe haukufanana na wewe hata kidogo!"

Hilkka alicheka mpaka akakohoa.

Mara ya kwanza kompyuta ilikataa, eti Veijo hana ruhusa ya kuutumia ule waya. "Shemeji, nyumbani kwako unaomba ruhusa?" nikamchokoza. Akajiandikia ruhusa, akatoka, akaingia upya, akatuma tena. Mfumo ukaingia, taa ya kijani ikaanza kupepesa. Akatia maji kijikoni, akautikisa mkono makusudi. Halikumwagika tone. Niliona kwa macho yangu haya.

"Mpe Hilkka basi," nikasema.

"Bado. Saa elfu moja."

Ndiyo ilikuwa sheria yao kiwandani: kitu hakitoki mezani kabla ya kufanya kazi saa elfu bila kosa, na kosa likitokea, unaanza sifuri. Basi kijiko kikalala mezani kinatikiswa na mashine; saa elfu ni siku arobaini na kitu. Saa ya mia tisa kompyuta ikaandika kosa. Akarekebisha, akaanza sifuri. Katikati ya mwezi wa tano likaja la pili.

"Veijo," dada yangu akasema, "mimi si simu. Nipe kijiko."

"Kikikwama mbele ya dada zako je?"

"Watacheka. Wamenicheka tangu nina miaka minne."

"Saa elfu, Hilkka."

"Ukianza leo, sikukuu itakuwa imepita, mzee wangu."

Veijo akaigeukia mashine. Akaanza sifuri. Na mimi mwenye mdomo mkubwa mji mzima, siku hiyo nilikoroga kahawa tu.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa sita, supu ilimpalia Hilkka mikononi mwa mumewe, ikaingia mapafuni. Siku nne hospitali, akafariki.

Baada ya maziko nilimwuliza Veijo lile kosa la pili lilikuwa nini.

"Kuchelewa. Sehemu tatu za elfu za sekunde. Mara moja."

"Hilkka angelihisi?"

"Hapana."

Mashine hakuizima. Sikukuu ilipita, na siku chache baadaye saa elfu zikatimia bila kosa, nilikuwepo. Veijo akatoa fomu ya zamani ya kiwandani, akajaza tarehe, akatia sahihi mahali pa mpimaji. Juu ya mahali pa mpokeaji alishikilia kalamu muda mrefu. Nikamwambia, "Nipe mimi nitie, shemeji." Akatikisa kichwa, akaikunja karatasi, mahali hapo pakiwa patupu.